Mtandao Upi? Uhakiki wa Neno Moja na Majirani Zake

Katika masomo ya Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Insha hii inahakiki neno moja pamoja na majirani zake wachache. Neno lenyewe ni mtandao. Ninasoma mitandao ya kompyuta na mawasiliano ya data katika chuo kimoja mjini Jinja, na Kiswahili ninakisoma kama somo la ziada. Nyumbani kwetu ni Wanyange, ng'ambo kidogo ya mji, juu ya ziwa. Kwa hiyo kila juma ninakutana na neno hili mara mbili: katika maabara ya kompyuta, ambako mhadhiri hufundisha kwa Kiingereza na sisi huulizana pembeni kwa Kisoga, Kiganda na Kiswahili, na katika darasa la Kiswahili, ambako linasifiwa kuwa istilahi iliyofanikiwa. Dai langu ni kwamba limefanikiwa kupita kiasi, na kwamba sisi tunaojifunza fani hii ndio tunaolipa gharama.

Tuanze na sifa zake, maana si haki kulihukumu neno kabla ya kulisikiliza. Mtandao ni jamaa ya kitenzi tanda. Wingu hutanda, giza hutanda, buibui ana utando wake. Ni neno la Kibantu, fupi, na Msoga, Mgisu au Mjaluo hulitamka bila kujiuma ulimi. Tena linazaa: mtandaoni, mitandao ya kijamii, mtandao wa simu, mtandao wa barabara. Tukilipima kwa kigezo cha PEGITOSCA, ambacho Kiingi, msomi wa hapa hapa Uganda, alikipendekeza mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambacho kila mwanafunzi wa istilahi hukikariri usiku wa kuamkia mtihani, linajizolea alama katika iktisadi, uzalishi na ukubalifu. Tarakilishi na ngamizi zilipambana na kompyuta zikashindwa nje ya vitabu vya shule. Mtandao halikupata mpinzani.

Lakini herufi ya kwanza ya kigezo hicho ni ya usahihi, na hapo ndipo linapoteleza. Mwenzangu wa bweni akisema "mtandao umepotea", anaweza kuwa anasema jambo lolote kati ya haya: kwamba simu yake haishiki Wi-Fi, kwamba imeshika lakini haikupewa anwani, kwamba ina anwani lakini kifaa kinachotuunganisha na nje kimekwama, kwamba kifaa hicho ni kizima ila njia ya kwenda Kampala na kwingineko imekatika, au kwamba kila kitu ni kizima isipokuwa seva ya majina, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya tarakimu. Hayo ni matatizo matano yenye dawa tano, na huenda mafundi watatu tofauti wakahitajika. Katika maabara tunafundishwa kupanda ngazi kwa ngazi. Unaituma amri ya ping kwa 127.0.0.1, yaani mashine inajipigia hodi yenyewe. Kisha unalipigia hodi lango. Kisha unaipigia anwani iliyo nje ya chuo, kama 8.8.8.8. Mwisho unajaribu jina. Kila hatua inajibu swali moja tu. Nikimwuliza mwenzangu "Mtandao upi?", hunitazama kana kwamba namfanyia mzaha, kwa sababu kwa lugha aliyonayo amekwisha kusema kila kitu.

Mtu atasema haya ni ya bwenini tu. Hapana. Tazama mwezi Januari 2021. Tarehe 12, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu, mitandao ya kijamii ilizuiwa Uganda nzima. Wengi walifungua programu za VPN, ambazo walikwisha kuzizoea tangu Julai 2018 ilipoanza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa wanaotumia mitandao hiyo, wakaendelea na mambo yao. Usiku wa tarehe 13 kilichofuata kilikuwa kitu kingine kabisa: huduma ya intaneti yenyewe ilikatwa, ikarudi tarehe 18. Kifundi, matukio haya mawili yako mbali. La kwanza ni kama polisi wa barabarani anayesimamisha magari ya rangi fulani. Ukilifunika gari lako turubai, unapita. La pili ni barabara kuondolewa. VPN haina msaada pale ambapo hakuna njia. Hata hivyo, kwa Kiswahili tuliyasema yote mawili kwa maneno yale yale, "mtandao umefungwa", na nakumbuka watu waliokesha wakibadilisha VPN moja baada ya nyingine, wakiamini kwamba ile sahihi ndiyo haijapatikana. Wakati huo huo simu za kawaida zilipigwa, na kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya chumbani ziliendelea kupeana mafaili bila wasiwasi. Mitandao ilikuwapo tele. Kilichokosekana ni muunganisho wa mitandao, na hilo ndilo jambo ambalo neno letu haliwezi kulitenga.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilidorora tena Uganda, Kenya, Tanzania na nchi nyingine za kanda. Safari hii hakuna aliyeamuru lolote. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimekatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, wakati ambapo upande wa kaskazini SEACOM ilikuwa tayari imejeruhiwa katika Bahari ya Shamu tangu Februari. Nilisikia mitaani lawama zile zile za 2021: "Wameanza tena kufunga mtandao." Siwalaumu waliosema hivyo, walikuwa na sababu ya kushuku. Ila ukitaka kujua nani wa kuulizwa, kwanza lazima uweze kusema ni kipi kimekatika. Mwananchi mwenye neno moja kwa matukio matatu hawezi kumwuliza anayehusika swali linalohusika.

Najua jibu ambalo baadhi ya wahadhiri wangu watanipa: kwamba Kiingereza nacho kina uvivu huu huu, na Mwingereza akiwa sebuleni kwake huchanganya mambo haya kama sisi. Ni kweli. Tofauti ni kwamba Mwingereza akitoka sebuleni akaingia chumba cha mitambo, analikuta kabati la maneno mengine likimsubiri. Sisi tukiingia chumba hicho tunabadilisha lugha.

Kwa nini kabati letu ni tupu? Nadhani ni kwa sababu ya waliokuwa wakifikiriwa maneno yalipoundwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na baadaye kampuni kubwa za programu zikafuata. Kazi ile ilikuwa nzuri na ninaiheshimu. Lakini msamiati wake ulikuwa wa mtu aliyekaa mbele ya skrini: fungua, hifadhi, chapisha, faili, jedwali. Ulikuwa wa karani. Fundi anayetambaa juu ya dari akivuta waya hakuwamo. Na hili ni ajabu kidogo kwetu sisi wa Jinja, kwa maana Kiswahili hapa hakikuingia kupitia ofisini. Kiliingia na reli, kambi za askari na viwanda. Walukuba, katika nyumba zilizojengewa wafanyakazi wa viwandani, kilikuwa lugha ya karakana: spana, bisibisi, waya, gia, fundi. Maneno hayo hakuna kamati iliyoyapitisha. Mikono iliyashika kwanza, midomo ikafuata. Lugha iliyoweza kutaja kila kipande cha injini inashindwaje kutaja vipande vya kile kinachopitisha barua zetu?

Sasa nirudi kwenye neno lenyewe, kwa kuwa kuna jambo linaloniudhi zaidi ya uhaba wa usahihi. Ni picha iliyomo ndani yake. Kitu kilichotanda hakina sehemu. Wingu likitanda huwezi kuonyesha mahali linapoungana na jingine. Mtandao wa kompyuta ni kinyume cha hivyo: ni vifundo na kamba kati ya vifundo. Nenda Masese asubuhi, bandari ya wavuvi iliyo jirani na Wanyange, umtazame mzee anayeshona wavu. Utaona somo la kwanza la muhula wetu limetandazwa juu ya mchanga. Kila jicho la wavu lina vifundo vyake, kila kifundo kina kamba zinazokitoka, na kamba moja ikikatwa na sangara mkubwa, wavu wote hauzami. Mzigo unahamia kamba za jirani. Kiswahili kilikuwa na neno wavu tangu zamani. Kikalichukua, kikalifanya wavuti, kikalipeleka kwenye kurasa za tovuti, ambako hakuna mwanafunzi anayehitaji kuhesabu vifundo, halafu mitambo yenyewe ikabakiwa na wingu. Ningeweza kusema maneno haya mawili yalivalishwa nguo za kila mmoja.

Waganda walibahatika zaidi. Neno lao omutimbagano, ambalo hata sisi Wasoga tunalisikia redioni kila siku, mimi nalisikia ndani yake ekitimba, yaani wavu, pamoja na kile kiambishi cha kutendana. Nyavu zinazoshikana. Kama ningepewa nafasi ya kufafanua kwa neno moja jinsi intaneti inavyotofautiana na mtandao wa chumba kimoja, nisingepata bora.

Simaanishi kwamba tuufukuze mtandao. Umekwisha kukaa, na neno lililokaa halifukuzwi na insha ya mwanafunzi. Tena wavu nao una uongo wake: kamba zake zote zina unene mmoja na mwenye nyavu ni mmoja. Uganda haina bahari. Sehemu kubwa ya data yetu hutoka kwa nyaya zinazopita mipakani, hasa upande wa Kenya, hadi pwani. Kuna kamba nene na kamba nyembamba, na kila moja ina mwenyewe. Wakati wa Mei 2024 Kenya ilikuwa bado na TEAMS, waya unaotoka Mombasa kwenda Fujairah, na ndiyo maana huduma ilidorora badala ya kufa. Wavu unaweza kunifundisha kwa nini njia ya pili inahitajika. Hauwezi kunifundisha nani anailipia.

Jirani wa pili ni kasi. Matangazo yote ya kampuni za simu yanauza kasi, na sisi tunaijibu mitihani kwa kichwa hicho hicho. Lakini kuna mambo mawili yaliyofichwa humo: kiasi cha data kinachoweza kupita kwa sekunde moja, na muda ambao chembe moja ya data inatumia kufika. Darasani niliyatofautisha pale tu nilipoacha maneno ya kitabu na kufikiria daraja letu. Hadi mwaka 2018 magari yote ya kutoka Malaba na Busia kwenda Kampala yalivuka Mto Naili juu ya bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954, na malori yalipangana foleni hadi mjini. Mwezi Oktoba 2018 daraja jipya likafunguliwa. Sasa yanapita magari mengi zaidi. Malaba haikusogea hata hatua moja. Upana umeongezeka; umbali ni ule ule.

Tuweke tarakimu. Mwanga ndani ya waya wa faiba husafiri kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo safari ya kilomita 1,000 na ushei kutoka Jinja hadi Mombasa ni milisekunde tano au sita tu. Kabla ya nyaya za baharini kufika pwani yetu mwaka 2009, tulitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali lilipanda na kushuka, jibu likapanda na kushuka, na karibu nusu sekunde ikawa imekwenda hata kama setilaiti ilikuwa na upana wa kutosha. Kwa filamu si kitu. Kwa mazungumzo ya simu ni adha: kila mmoja anaanza kusema mwenzake akiwa bado anajibu. Neno kasi haliwezi kueleza kwa nini. Napendekeza upana kwa jambo la kwanza, na kwa la pili ukawiaji, kutokana na kukawia. Kama kuna mwenye neno bora, alilete; ninachokataa ni kuendelea na moja.

Hapa niingize kitabu, kwa kuwa nimesema ni uhakiki na bado sijahakiki ukurasa wowote. Katika kitabu cha Andrew Tanenbaum kuhusu mitandao ya kompyuta, ambacho wanafunzi wa fani hii dunia nzima hukutana nacho, tabaka za mtandao zinaelezwa kwa mfano wa wanafalsafa wawili. Mmoja anasema Kiurdu na Kiingereza, mwingine Kichina na Kifaransa. Kila mmoja ana mkalimani, na kila mkalimani ana karani wa kutuma ujumbe. Wakalimani wanakubaliana watumie Kiholanzi. Mwanafalsafa wa kwanza anataka kumwambia mwenzake kwamba anawapenda sungura. (Kwetu hilo lisingeshangaza mtu, sungura ndiye mwerevu wa hadithi zote za bibi.) Fundisho ni kwamba wakalimani wanaweza kuhama Kiholanzi kesho wakatumia lugha nyingine, na wanafalsafa wasijue.

Kwa mashine mfano huu ni sahihi, na ni mzuri. Tovuti ninayoisoma haijui kama waya wangu umebadilishwa kuwa Wi-Fi. Ila nikiusoma nikiwa Uganda, unanigusa pengine. Kiswahili hapa mara nyingi hutetewa kwa sababu ile ile ya Kiholanzi cha Tanenbaum: si lugha ya kabila lolote kati yetu, kwa hiyo kinafaa kukaa katikati. Ndicho kilichokifanya kiwe lugha ya pili rasmi katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na ndilo wazo nililolisikia tena Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipotaka kifundishwe kwa lazima shuleni. Hatari yake ni kwamba lugha ya katikati haidaiwi ubora. Wakalimani wanaelewana, inatosha. Neno lolote linalofanana na maana linapita. Lakini hao watoto wa shule za msingi wa Wanyange na Mbale, ambao mwalimu wao wa Kiswahili atawaambia kwamba mtandao ni intaneti, watafika siku moja kwenye tabaka la juu, mahali pa mwanafalsafa, na hapo watahitaji lugha ya kufikiria, si ya kupitishia ujumbe tu.

Si kwamba hatuna mifano mizuri. Itifaki, kwa maoni yangu, inashinda neno la Kiingereza. Asili yake ya Kiarabu ni makubaliano, na wakati kompyuta mbili zinapoanza kuzungumza kwa TCP hicho ndicho kinachotendeka: moja inaomba, ya pili inakubali na kuomba, ya kwanza inakubali, ndipo data inapoanza kutembea. Mwanafunzi anayeijua itifaki ya ikulu, nani anaingia kwanza na nani anasubiri, amekwisha kuielewa nusu ya mada. Pakiti nayo inafaa. Kila mtu amewahi kusoma maandishi nje ya pakiti ya maziwa bila kuifungua, na ndivyo vifaa vya njiani vinavyofanya.

Lango ni bora kuliko yote, na ndilo ninalotamani liingie katika ulimi wa kila siku. Sisi tunaoishi kando ya barabara ya Malaba hatuhitaji kuelezwa lango ni nini. Ni mahali pamoja ambapo vya ndani vinatoka na vya nje vinaingia, penye mlinzi na foleni. Kama Januari ile ya 2021 tungekuwa na mazoea ya kusema "tarehe 12 wamezuia programu, tarehe 13 wamefunga malango", yule jirani yangu wa chumba cha pili angelala usingizi wake badala ya kupakua, kabla ya saa ya kukatwa, VPN nane.

Mengine yana ila. Kipanga njia ni jaribio la heshima, lakini kifaa kile kidogo cha chumbani hakipangi chochote; kinatazama jedwali na kuelekeza. Kielekezi lingekaribia zaidi. Tena kwa Mswahili wa pwani kipanga ni ndege mla vifaranga, na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza aliwahi kukichora hivyo hasa, mabawa na yote, kwenye kona ya mchoro wake wa mtandao. Mkongo, kama Watanzania wanavyouita uti wao wa mawasiliano wa taifa, ni tamu masikioni, ila huku kwetu Mkongo ni mtu kutoka Kongo, na tangu nchi yake ijiunge na Jumuiya mwaka 2022 tunakutana naye zaidi kuliko waya wowote. Ukuta moto sijui unamlinda nani; kwetu ukuta ukishika moto watu hukimbia. Ngome ingetosha.

Na kile kisanduku chenye matundu ishirini na manne, kinachounganisha kompyuta zote za maabara yetu, bado hakina jina tunalokubaliana. Tunakiita swichi. Majuzi mhadhiri alimwomba mmoja wetu kwa Kiswahili azime swichi, naye akainuka kwa utiifu, akaenda ukutani, akazima taa.